Kampuni inataka nishushe blogu kabla ya kusaini

Yaya, mkubwa wangu, jambo sana.

Usitaje jina langu wala la blogu yangu. Lubumbashi ni kubwa kwenye ramani, lakini midomo yake yote inajuana.

Nina miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Katuba. Nilisoma Lettres (lugha na fasihi) hapa chuo kikuu, nikafundisha Kifaransa kwenye shule ya binafsi ambayo mshahara wake ulikuwa unakuja ukipenda. Wakati huohuo nilianza blogu ya Kiswahili. Naandika juu ya mji wetu: wazee wa makambi ya wafanyakazi, mama wanaouza makaa, vijana wanaochimba kwa mkono, bei ya unga wa bukari (ugali) inavyoruka kila mpaka wa Kasumbalesa na Zambia ukifungwa. Siasa siigusi, ingawa hapa ukiandika juu ya vumbi la malori na maji machafu, kuna atakayesema umeigusa.

Makala yangu ya kwanza ilikuwa juu ya baba. Alikuwa kwenye kampuni ya serikali ya shaba, akaondoka mwaka 2003 katika ule mpango wa « départ volontaire », kuondoka kwa hiari, uliowatoa watu zaidi ya 10,000. Wenzake walinikaribisha nyumbani kwao kwa sababu mimi ni mtoto wa mwenzao, wakanisimulia. Hivyo ndivyo blogu ilivyokua.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Watu walikuwa wanafika kupitia Google, wengine kupitia Facebook, na wasomaji walikuwa wanaandika kutoka Likasi, Kolwezi, Ndola, hata Ubelgiji. Sasa hesabu imeporomoka. Mtu akiuliza kitu, Google inamjibu yenyewe juu kabisa kwa akili mnemba, hana haja ya kufika kwangu. Facebook nikiweka kiungo cha makala, hakuna anayekiona. Nikiweka picha ya mtoto, ukoo mzima unapiga like. Hela za matangazo hawalipi mpaka zifike dola 100, na zangu zinatambaa. Kabla ya hapo walitaka kunitumia namba ya siri kwa barua ya posta. Kwa posta, Yaya! Nani Katuba anapokea barua kwa posta?

Halafu wanaiba. Mwezi uliopita nilikuwa soko la Mzee Kabila, mama mmoja anayeuza samaki akaanza kumsimulia jirani yake habari ya mzee mmoja wa kambi, maneno yangu yenyewe, mpaka mzaha niliouweka mwishoni. Nikamuuliza ameisoma wapi. « Kwenye WhatsApp, kundi la kanisa. » Jina langu halikuwepo. Nilirudi nyumbani nimechoka moyo.

Sasa nimepata kazi. Kampuni moja inayofanya kazi za migodini kwa mkataba inanitaka niwe chargée de communication (afisa wa mawasiliano): dola 700 kwa mwezi na matibabu ya watoto. DRH (mkuu wa wafanyakazi) aliniambia kwa mdomo kwamba kabla ya kusaini ni lazima « nishushe » blogu. Kwenye mkataba walionitumia nisome kuna mstari unaosema mfanyakazi hatatoa maandishi yoyote kuhusu shughuli za kampuni bila ruhusa. Nimeelewa: blogu ife. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mume wangu ni déclarant (wakala wa forodha) Kasumbalesa, kuna miezi ya hela na miezi ya madeni. Anasema: « Unaandika bure, wanasoma bure, na minerval (ada ya shule) ya watoto nayo tutalipa bure? » Wifi yangu anasema niache kuandika nifanye video fupi, watu hawasomi tena. Kuna baba mmoja wa Ndola aliyewahi kuniomba niandike maisha ya babu yake aliyetoka huku, akasema atalipa, lakini niliona aibu kutaja bei na mambo yakaishia hapo.

Yaya, mimi sikutaka kuwa mtu wa kujifurahisha. Nilitaka kuwa mchapishaji wa kweli, hii iwe kazi yangu mpaka uzee. Je, blogu bado ina kesho, au nashikilia kitu ambacho watu wameshakiacha? Nisaini?

Mama wa Katuba

*

Mama wa Katuba, mdogo wangu,

Umeuliza kama blogu ina kesho, na nitakujibu kadiri ninavyoelewa. Lakini nimeisoma barua yako mara kadhaa na naona swali hilo limebebeshwa mzigo wa mengine. Kuna kampuni inayotaka ukimya wako na hujui inataka kiasi gani. Kuna mume ambaye hesabu ya nyumba inamkosesha usingizi. Na kuna wewe, unayetaka neno « kazi » liwe juu ya kitu unachokifanya vizuri tayari. Ukiyaweka yote kwenye kapu la « blogu imekufa au haijafa », utasaini au utakataa kwa sababu isiyo yako.

Nianze na yule mama wa samaki, maana ndiye aliyenishangaza. Wewe umemweka kwenye fungu la wezi. Naelewa: jina lako limekatwa, na hilo linauma, wala sitakwambia lisikuume. Lakini tazama kilichotokea kabla ya hapo. Mtu fulani alikuwa na mega za kutosha kufungua blogu yako, akajua wenzake hawana, akanakili makala yote akaibandika kwenye kundi. Hapa kwetu watu wengi hununua kifurushi cha WhatsApp tu. Kiungo cha nje hakifunguki, au kinakula kredi. Kwa hiyo makala yako ilisafiri kwa njia pekee iliyo wazi, ikafika sokoni, ikasimuliwa kwa sauti mpaka na mzaha wake. Hesabu unayoitazama haikumwona mama huyo. Haikumwona pia jirani yake. Unaposema wasomaji wameporomoka, una uhakika ni wasomaji, au ni mibofyo? Sijui jibu, ila nadhani unaweza kulitafuta: weka jina lako na namba ya kazi ndani ya maandishi yenyewe, aya ya katikati, mahali ambapo mtu akikata habari inaharibika. Fungua chaneli ya WhatsApp uibandike makala nzima wewe mwenyewe, kabla hajaibandika mwingine. Baada ya wiki chache utajua zaidi ya unavyojua leo.

Sasa kesho ya blogu. Huko ilikoanzia, tangu Blogger ifunguliwe mwaka 1999 na matangazo ya AdSense ya Google yaje mwaka 2003, kumekuwa na watu walioishi kwa blogu peke yake, lakini ni wachache, na wengi wao hawakudumu. Andrew Sullivan, Mwingereza anayeandika Marekani, mwaka 2013 aliacha mashirika makubwa akawaomba wasomaji wake walipe wenyewe. Wakalipa, maelfu kwa maelfu. Mwaka 2015 akafunga, kwa sababu ya uchovu na afya. Baadaye alirudi, kwa barua pepe. Mwaka huohuo wa 2013 Google iliifunga Reader, chombo ambacho wasomaji wa blogu walikuwa wakifuatia waandishi wao. Skyblog, ambako vijana wengi wa shule wanaosoma Kifaransa walikuwa na ukurasa wao, ilifungwa Agosti 2023 baada ya miaka zaidi ya ishirini. Kwa hiyo kuporomoka unakokuona si kwako peke yako, na si kwa sababu ya akili mnemba tu. Njia za kuwafikia wasomaji zimekuwa zikifungwa na wenye njia muda wote. Kinachobaki kwa mwandishi ni maandishi aliyoyahifadhi mwenyewe na watu anaoweza kuwapata bila kumwomba mtu wa kati.

Na waliodumu, wengi waliishi kwa kitu kilichokaa pembeni ya blogu. Chukua mfano wa karibu, Dar es Salaam. Issa Michuzi alikuwa mpiga picha wa gazeti alipoanza blogu yake mwaka 2005. Kamera ilimlisha, blogu ikamfanya ajulikane, na vikasaidiana. Simsemi ili ufuate njia yake, alikuwa na mwajiri tofauti na wako. Ninamtaja kwa sababu umeandika kana kwamba ni lazima blogu ilipe yenyewe ndipo iitwe kazi ya kweli. Nani alikuwekea kipimo hicho? Mwalimu anayelipwa « ukipenda », kama ulivyosema, bado tulikuwa tunamwita mwalimu.

Pengine umesikia waandishi wa nje wakisema dawa ni barua pepe ya kulipia, Substack na wenzake. Kabla hujapoteza usiku wako huko: Substack hulipa waandishi kupitia Stripe tu, kampuni ya kupitisha malipo, na Stripe haifungui akaunti kwa mtu aliyeko Kongo. Wapo wanaotumia jina la ndugu aliye Ulaya. Hapo hela inakuwa ya ndugu kisheria, kodi ni yake, na siku mkigombana juu ya mazishi ya shangazi, wasomaji wako wote wako mfukoni mwake. Airtel Money na M-Pesa zinafanya kazi vizuri kwa msomaji wa hapa mjini, wa komini ya Kenya au ya Kampemba, anayetaka kukuchangia, lakini ni michango, inakuja kama mvua ya Septemba. Usiipangie minerval.

Ndiyo maana nimemrudia mara nyingi yule baba wa Ndola, ambaye wewe umempa mistari miwili tu mwishoni. Mtu amesoma kazi yako, amevuka mpaka kwa mawazo, ana hela, anataka maisha ya babu yake yaandikwe, na ni wewe anayekutaka. Hiyo ni kazi ya uchapishaji, mdogo wangu, tena ile ambayo Google haiwezi kuijibu juu kabisa ya ukurasa, kwa sababu babu huyo hayuko kwenye intaneti. Yuko kichwani mwa wazee wanaokufungulia mlango kwa jina la baba yako. Watoto wa Lubumbashi wametapakaa Ndola, Kitwe, Johannesburg, Brussels, na wazazi wao wanazeeka huku. Kijitabu cha kurasa arobaini chenye picha za zamani, nakala kumi za ukoo, nakala moja kwako ya kuchapisha wakikubali: hicho kinaweza kuwa na bei. Bei gani, sitakutajia. Hesabu siku zako, usafiri, mchapaji wa mjini, kisha ongeza kile ambacho aibu inataka ukipunguze. Hatari zipo pia. Ukoo ukilipa, ukoo utataka babu awe malaika. Utaandikaje kwamba alikuwa na nyumba ya pili Kipushi? Jadilini hilo kabla ya hela kutoka.

Hapa naomba kuchepuka kidogo. Mwaka 1965, katika mji huuhuu, chama cha watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu kilitoa historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, iliyokusanywa na André Yav, kwa Kiswahili chetu cha huku, ikapigwa taipu na kurudufishwa. Hakuna nyumba ya vitabu iliyowaomba. Miaka 25 baadaye wataalamu wa ng'ambo waliichapisha na kuifasiri, na leo anayetaka kujua mboyi wa zamani aliuonaje mji huu ni lazima apite hapo. Nakumbusha tu kwamba kujichapishia kwa Kiswahili Lubumbashi hakukuanza na intaneti, na hakukuwahi kungoja ruhusa ya soko.

Tuje kwenye mkataba. Umeniandikia mambo mawili tofauti ukayasoma kama jambo moja. DRH kasema kwa mdomo: shusha blogu. Karatasi inasema: usitoe maandishi kuhusu shughuli za kampuni bila ruhusa. Kati ya hayo mawili kuna shamba zima. Mwajiri kutotaka msemaji wake aandike juu ya mwajiri ni jambo la kawaida, hata mimi ningelitaka. Lakini mzee wa kambi aliyestaafu mwaka 2003, bei ya unga na mama wa makaa si shughuli za kampuni yako. Je, DRH anaogopa blogu nzima, au anaogopa makala mbili tatu za vumbi la malori? Hujamuuliza. Muulize kwa maandishi, kwa upole, na uombe jibu kwa maandishi: mada zipi, kwa muda gani, na makala za zamani zinahusika au la. Akikataa kuandika, hilo nalo ni jibu la kulipima.

Angalia pia muda wa majaribio. Sheria yetu ya kazi inaruhusu ufike miezi sita kwa mfanyakazi mwenye ujuzi, na katika muda huo kuachana ni rahisi. Ukiifuta blogu siku ya kwanza, halafu mwezi wa nne wakakwambia asante, utabaki na nini? Kuna tofauti kati ya kufuta, kuficha na kusimamisha. Lolote utakaloamua, weka nakala ya kila kitu, na maoni ya wasomaji pia, kwenye diski yako na nyingine kwa mtu unayemwamini. Uliyoyaandika kabla ya kuajiriwa ni yako. Sheria ya haki za mwandishi ya mwaka 1986 iko upande wako. Na kabla ya kusaini, mpe mkataba mwanasheria au mtu wa syndicat (chama cha wafanyakazi) ausome.

Ukiamua kubaki nje, usidhani ndiko kwenye usalama. Sheria ya habari ya tarehe 13 Machi 2023 inagusa vyombo vya mtandaoni, na Code du numérique (sheria ya dijitali) ya siku hiyohiyo inamwadhibu anayesambaza habari za uongo dhidi ya mtu. Uliza kama kazi yako inahesabiwa kuwa chombo cha habari au la. Swali hilo unaweza kulipeleka UNPC, umoja wa waandishi wa habari wa Kongo, hapa mkoani. Tanzania mwaka 2018 ilianza kudai wanablogu leseni ya zaidi ya shilingi milioni mbili, na baadhi walizima taa. Na unakumbuka jinsi baada ya uchaguzi, kuanzia Desemba 31, 2018, intaneti ilivyokatwa nchi nzima karibu wiki tatu. Anayeishi kwa blogu peke yake alikula nini wiki hizo? Kuna pia coupage, hela anayopewa mwandishi na anayeandikwa: ukiwa huna mshahara, bahasha ya mwenye shughuli inakuwa nzito sana kuikataa, na wewe unajua bahasha hiyo huandika makala ya nani. Mshahara wa dola 700 unaweza kukulinda na bahasha hizo, au ukawa ndio bahasha yenyewe iliyo kubwa zaidi. Inategemea huo mstari mmoja wa mkataba.

Kuhusu wifi yako, sina ugomvi na video. Mzee akisimulia mwenyewe kwa dakika moja, ni kitu kizuri, tena itawaleta watu kwenye maandishi. Ila kuhariri kunakula siku, na mwenye jukwaa anaweza kubadili kanuni kesho kama Facebook ilivyokufanyia. Kama anajua kushika simu vizuri, mpe hiyo kazi yeye.

Mume wako nimemwachia nafasi ya mwisho kwa makusudi, kwa sababu umemwandika kama mpinzani na mimi sijamsikia hivyo. Déclarant wa Kasumbalesa anajua maisha ya mapato yasiyotabirika kuliko sisi sote. Anakuomba nyumba iwe na mguu mmoja usioyumba. Hajasema maandishi yako ni takataka. Umewahi kukaa naye na daftari, mkaandika nyumba inahitaji kiasi gani kwa mwezi, na ni kiasi gani lazima kitoke kwako? Huenda ni dola 700. Huenda ni 250, na 250 zinaweza kupatikana kwa vipindi vichache vya kufundisha na kijitabu kimoja kila baada ya miezi miwili. Huenda mkakubaliana uingie kazini mwaka mmoja, mlipe madeni, blogu ikiendelea kwa mada ambazo haziigusi kampuni. Huenda pia ukagundua unaitaka kazi hiyo, na si dhambi. Mtu aliyeandika miaka yote bila malipo ana haki ya kutamani bima ya watoto.

Na mzungumze na baba yako. Yeye aliingia kwenye kampuni ambayo kila mtu aliiona kama mlima, kisha akatoka na karatasi ya « hiari ». Sijui atakuambia nini. Anaweza kukuambia usimwamini mwajiri yeyote, anaweza kukuambia miaka ile ya mshahara ndiyo iliyokusomesha. Yote mawili yatakuwa kweli kwake, na wewe ndiye uliyeyaandika kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwisho wa mwezi uko karibu, kwa hiyo barua kwa DRH itangulie. Omba siku chache zaidi kama jibu lake litachelewa. Anayekutaka kweli hatakufukuza kwa kuomba wiki. Na yule wa Ndola mwandikie wiki hii, usaini au usisaini, umtajie bei. DRH akijibu, niandikie tena.

Yaya